Funza Kwenye Maembe: Namna ya Kumkabili Nzi wa Matunda, Kuanzia Chini ya Mwembe

Kila ifikapo Desemba, huku kwetu Mkuranga hadithi ni ile ile. Embe limeiva, ganda linang'aa, harufu inakuita toka barazani. Unalipasua, ndani funza. Mtoto hulitupa uani na kuchuma jingine. Mtu mzima huzungusha kisu akaokoa upande uliosalimika, akala huku anaangalia pembeni.

Msimu wangu wa kwanza wa kupambana nao nilinunua dawa nikaipiga miembe yote, juu mpaka chini. Fedha zilikwenda, funza wakabaki. Jirani, mama mmoja mtu mzima, alikuwa ananitazama toka upande wake wa ua. Akaniuliza, "Mwanangu, hayo uliyoyalundika pale kwenye mgomba utayafanya nini?" Nikamwambia, "Ni mbolea hiyo, mama." Akacheka. Rundo lile la maembe mabovu ndilo lililokuwa linanifugia nzi, na mimi nilikuwa nalilisha kila asubuhi.

Huu ni mwongozo wa mtu mwenye miembe michache uani au ekari mbili tatu shambani. Ukiufuata nusu nusu utapunguza hasara kidogo tu. Sehemu ya kuokota maembe, hata hivyo, ukiifanya peke yake kwa bidii utaona tofauti msimu huu huu.

Mjue unayepigana naye

Nzi wa matunda wako wa aina nyingi, lakini kwenye maembe ya Afrika Mashariki wawili ndio wasumbufu zaidi. Wa kwanza ni mwenyeji, Ceratitis cosyra: mdogo, wa rangi ya manjano, mabawa yake yana mistari na mgongoni ana madoa meusi. Wa pili ni mgeni kutoka Asia. Aligunduliwa Kenya mwaka 2003, na mwaka huo huo akaonekana Tanzania. Mwaka 2005 wataalamu walimpa jina Bactrocera invadens wakiamini ni spishi mpya; miaka kumi baadaye wakakubaliana kuwa ni Bactrocera dorsalis, yule yule anayejulikana huko Asia. Huyu ni mkubwa kidogo, wa kahawia, ana mistari miwili ya manjano mgongoni na alama kama herufi T tumboni. Ukimwona kwa haraka unaweza kudhani ni nyigu mdogo. Amekuja na vurugu: anazaa sana, anavumilia joto na mvua, na pwani amemsukuma mwenyeji pembeni.

Maisha yake ndiyo yanayokuonyesha pa kumpigia. Jike hutoboa ganda la embe lililokomaa kwa mkia wake mfano wa sindano, akaweka mayai ndani. Baada ya siku moja au mbili mayai huanguliwa. Funza hula nyama ya embe kwa siku tisa hadi kumi na mbili hivi, embe linalainika, linaanguka. Funza hutoka, huchimba udongo sentimita chache tu, hujikunja na kuwa kipunje cha kahawia kinachofanana na punje ya mpunga. Siku kumi hadi kumi na mbili baadaye anatoka nzi mpya. Jike mpya hayuko tayari kutaga siku hiyo hiyo; anahitaji wiki moja au zaidi ya kula vyakula vyenye protini ndipo mayai yakomae.

Hesabu mwenyewe. Kwenye msimu wa Novemba hadi Februari anapata nafasi ya vizazi vitatu. Wale wachache wa Novemba ndio mababu wa jeshi la Januari, na ndiyo maana maembe ya mwanzo huwa safi na ya mwisho huwa hayafai.

Sasa angalia dawa ya kupuliza inafika wapi. Mayai na funza wako ndani ya tunda, dawa haiwafiki. Vipunje viko ardhini, haviguswi. Unayempata ni nzi mzima aliyetua mtini kwako siku ile, na kesho wanatua wengine kutoka kwa jirani.

Kwanza hakikisha ni yeye

Watu wengi hutibu ugonjwa usiokuwepo. Chukua maembe kumi yaliyoanguka, yapasue yote.

Ukikuta funza weupe, hawana miguu, wamechongoka upande wa kichwa, wako ndani ya nyama, ni nzi wa matunda. Waweke juu ya meza: waliokomaa hujikunja kama upinde na kuruka. Nje ya ganda tafuta kitobo kidogo chenye duara la kahawia, wakati mwingine kinatoa utomvu.

Ukikuta nyama ni safi lakini kokwa limeliwa ndani, huyo ni fukusi wa kokwa. Mitego nitakayoieleza haimhusu hata kidogo, ingawa kuokota maembe na kokwa kunamhusu. Madoa meusi yanayoanzia juu ya ganda na kutambaa kuingia ndani, bila mdudu yeyote, ni chule, ugonjwa wa ukungu unaopenda unyevunyevu. Unga mweupe kwenye maua wakati wa kipupwe ni ubwiri unga. Hayo yana tiba zake.

Wale nzi wadogo sana wanaozunguka bakuli la ndizi jikoni nao ni jamii nyingine. Wao hufuata tunda ambalo tayari limeanza kuoza. Hawatoboi embe zima. Usiwahesabu.

Hatua ya 1: Okota, kila siku ukiweza

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo watu wanapochoka. Embe linapoanguka funza bado wamo ndani. Wakishaingia ardhini huwaoni tena. Una muda mfupi, siku mbili tatu, wakati mwingine chini ya hapo. Nyumbani okota kila asubuhi. Shambani isipungue mara mbili kwa wiki. Okota pia yaliyobaki mtini yakiwa na vitobo au yaliyolainika kabla ya wakati wake, na yale yaliyoliwa na popo na ndege yakaachwa yananing'inia.

Ukishayaokota, usiyatupe kwenye rundo la mboji, usiyatupe ng'ambo ya ua, usiyatupe mtoni. Chagua moja kati ya haya:

Mfuko mweusi wa plastiki mzito, usio na tundu. Jaza, funga shingo kwa nguvu, uache juani wiki mbili. Joto la ndani linawapika. Pwani jua halina deni, kwa hiyo njia hii ndiyo ninayoipenda. Tatizo lake ni mfuko: mwembamba hutobolewa na panya na kuku, na mifuko mizito siku hizi haipatikani kila duka. Turubai kuukuu la plastiki lililokunjwa na kuzibwa kingo zake kwa udongo linafanya kazi ile ile.

Shimo. Funika kwa udongo usiopungua nusu mita juu ya maembe, kisha ukanyage ushindiliwe. Shimo la kina cha mkono mmoja ni kazi bure, nzi anayetoka kwenye kipunje anaweza kupenya udongo uliolegea akatoka juu.

Mifugo. Nguruwe wakila maembe mabovu siku ile ile yalipookotwa, funza wameisha. Mbuzi na ng'ombe nao wanakula, mradi usiwape mengi kwa mpigo wakavimbiwa. Sharti ni siku ile ile. Ukiyalundika bandani wiki nzima ukisubiri mbuzi wapate hamu, umehamisha kitalu tu.

Kwa mwenye shamba kubwa kuna njia ya hema: kijumba kidogo cha chandarua ambamo maembe mabovu hutupwa. Matundu ya chandarua ni madogo kiasi kwamba nzi hatoki, lakini nyigu wadogo wanaowaua nzi wanapita. Ubunifu huu ulianzia Hawaii. Nyigu hao si wa kudharau: kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, kilimleta mmoja anayeitwa Fopius arisanus, ambaye hutaga mayai yake ndani ya mayai ya nzi, kisha kikamwachia kwenye maeneo ya miembe. Ukipiga dawa kali ovyo, wa kwanza kufa ni hao.

Hatua ya 2: Udongo chini ya mti

Hii ni fupi. Palilia chini ya mwembe, chokonoa udongo wa juu kwa jembe la mkono mara kwa mara wakati wa msimu, na waachie kuku. Kuku anayepekua chini ya mwembe anakula vipunje vingi kuliko utakavyovipata wewe kwa macho. Sisimizi nao watamalizia vilivyoachwa wazi. Usichimbe kwa kina ukakata mizizi midogo ya juu.

Hatua ya 3: Mitego, na uongo wa mtego uliojaa

Kwenye maduka ya pembejeo kuna chambo cha methili eujenoli. Harufu yake inawavuta madume wa Bactrocera kutoka mbali, na ukining'iniza mtego wakati nzi wamechachamaa unaweza kuukuta umejaa baada ya siku chache. Watu hupiga picha. Wanafurahi. Halafu wanavuna maembe yenye funza.

Sababu ni kwamba umekamata madume. Dume mmoja aliyebaki hupanda majike wengi, kwa hiyo usipowamaliza karibu wote majike wataendelea kutaga. Isitoshe, yule mwenyeji wa manjano havutwi na chambo hiki. Mtego unaweza kuwa mtupu na maembe yako yana funza wake. Mtego wa madume una kazi mbili: kukupa taarifa kwamba nzi wameanza kuongezeka, na, ukiwekwa mingi na mapema shamba zima pamoja na majirani, kupunguza idadi yao. Mmoja au miwili uani kwako ni ya taarifa tu.

Kutengeneza mtego ni rahisi. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu. Toboa matundu matatu au manne ya upana wa sentimita moja hivi, sehemu ya juu ya ubavu. Pitisha waya kwenye kifuniko, ning'iniza ndani pamba au kijipande cha ubao kilichowekwa chambo pamoja na dawa kidogo ya kuua, kama lebo inavyoelekeza. Vaa glavu unapokishika, na usikiache mikononi mwa watoto. Toboa kitundu kidogo chini ili maji ya mvua yatoke. Tundika ndani ya kivuli cha mti, kwenye urefu unaoufikia kwa mkono, majani yasiguse matundu. Paka grisi kwenye waya. Bila grisi sisimizi watashuka wakale nzi wote, nawe utadhani mtego haufanyi kazi.

Hesabu kila wiki siku ile ile na uandike. Nina daftari la shule la misimu minne. Idadi ikianza kupanda wiki hadi wiki, ujue hatua inayofuata haingoji.

Hatua ya 4: Chambo cha chakula, kwa ajili ya majike

Kumbuka nilivyosema: jike mpya anatafuta protini kabla ya kutaga. Hapo ndipo pa kumshika. Chambo cha protini, ambacho aghalabu hutokana na hamira, huchanganywa na kiasi kidogo cha kiuatilifu kama spinosadi. Hupulizi mti mzima. Unaweka doa moja: mita moja ya mraba ya majani, takriban mililita 50 kwa mti, upande wa chini wa majani ili jua na mvua visikiharibu haraka. Nzi wenyewe watakifuata.

Anza maembe yakiwa saizi ya gololi, asubuhi kabla jua halijawa kali, rudia kila wiki hadi mwisho wa mavuno, na rudia mvua kubwa ikinyesha. Wengi hungoja waone funza ndipo waanze. Wakati huo unafukuza basi lililokwishaondoka.

Uliza kiuatilifu kilichosajiliwa. Tanzania wanaohusika ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Kenya ni bodi ya viuatilifu, PCPB. Soma kwenye lebo siku za kusubiri kabla ya kuvuna, wala usimwamini muuza duka anayekuambia "hii kiboko, haina masharti." Na usipulize chochote miembe ikiwa imechanua: nyuki na nzi wa kawaida ndio wanaochavusha maua hayo, ukiwaua utavuna majani.

Kwa uani, ambapo dawa haifai karibu na watoto na kamba za nguo, mimi hutumia chupa ile ile yenye matundu, ndani naweka maji lita moja, vijiko viwili vya hamira ya mkate, viwili vya sukari, na tone la sabuni ya vyombo ili wanaotua wazame. Nabadilisha kila wiki. Haikamati kama chambo cha dukani, lakini inakamata majike, na haina sumu.

Hatua ya 5: Valisha maembe

Kama una mwembe mmoja mfupi wa Apple, Keitt au Bolibo uliojaa maembe mia moja, acha mengine yote usome hapa. Hakuna kinachomzuia nzi kama kizuizi. Maembe yakifikia saizi ya yai la kuku, shona mifuko ya gazeti la tabaka mbili, valisha embe moja moja, funga juu ya kikonyo kwa uzi wa katani au pini ya stepla. Usitumie plastiki: ndani hutoka jasho na chule inapata nyumba. Kabla ya kuvalisha kagua embe lisiwe limekwishatobolewa.

Ni kazi ya Jumamosi mbili na watoto wawili. Embe linalotoka kwenye mfuko lina ganda laini, la rangi moja, halina kovu. Sokoni bei yake ni nyingine. Dodo refu lenye umri wa babu yako huwezi kulivalisha, na usijaribu kupanda. Ukitaka njia hii iwezekane miaka ijayo, pogoa miembe michanga ibaki mifupi tangu mwanzo.

Hatua ya 6: Walinzi wanaong'ata

Ukipita mashamba ya minazi na mikorosho ya pwani utawakuta majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Anayewafahamu hawasahau. Ni wawindaji: nzi jike akitua kwenye embe wanamkimbiza, na hata harufu wanayoacha kwenye ganda inamfanya asite kutaga. Mti wenye majimoto wengi huwa na funza wachache sana.

Ukiwa nao, wahifadhi. Funga kamba kati ya mti na mti wapate njia, usipige dawa miti hiyo, na wakati wa kuchuma jipake majivu mikononi na miguuni. Ubaya wao ni kwamba huwatunza wadudu wa magamba wanaotoa utamu, na matokeo yake majani hupata masizi meusi. Kwa uani penye watoto wadogo mimi singewaalika. Kwa shamba la mbali, naona ni msaada mkubwa usiolipwa mshahara.

Hatua ya 7: Chuma mapema, vundika

Nzi hupenda zaidi embe lililokaribia kuiva. Kila siku unayoliacha mtini baada ya kukomaa ni siku unayompa. Mabega ya embe yakishajaa yakazidi kikonyo, na moja mbili za mfano ukizipasua nyama imeanza kuwa ya manjano, chuma. Vundika ndani kwenye kasha lenye majani ya mgomba au nyasi kavu. Bibi zetu walivundika kwa sababu zao, lakini njia inamnyima nzi wiki nzima. Acha kikonyo kifupi unapochuma, utomvu usiunguze ganda.

Kwa anayelenga soko la nje mambo ni mazito zaidi. Funza mmoja kwenye shehena ni shehena nzima kukataliwa. Mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi huyu, na ilirudi mwaka 2021 baada ya kuandaa maeneo yanayodhibitiwa, Makueni likiwemo, pamoja na mitambo ya kuoshea maembe kwa maji ya moto.

Zungumza na majirani

Nzi haulizi hati ya kiwanja. Nilipoacha rundo langu, maembe ya mama yule jirani nayo yalipungua funza. Nilimwonea aibu kuliko nilivyofurahi. Mkiwa nyumba tano mnaokubaliana kuokota siku moja, mnaweza pia kuchimba shimo moja na kununua chambo kwa pamoja. Bwana shamba wa kata, akiambiwa ni kundi na si mtu mmoja, huja haraka zaidi.

Baada ya embe la mwisho

Februari ikiisha wengi hufunga kazi, na nzi huhama. Anakwenda kwenye mapera, mastafeli, machungwa na mapapai yaliyoivia mtini, akisubiri miembe izae tena. Na huku pwani, ambako miembe huzaa mara ya pili katikati ya mwaka, hasubiri hata sana. Mti mmoja unaomhifadhi hautajwi mara kwa mara: mkungu. Ule mti wa kivuli uliopo mbele ya msikiti, shuleni, kituo cha daladala, matunda yake yakidondoka watoto huvunja kokwa wakala kungu na ganda huachwa palepale. Pasua chache uone. Kama uani kwako kuna mkungu, fagio lako la asubuhi lianzie hapo, na mfuko mweusi uwe karibu.

Mtego wa taarifa uache umening'inia mwaka mzima, ukibadilisha chambo kila baada ya wiki sita hivi. Kipupwe kikiingia na miembe ikianza kutoa maua, fungua daftari uangalie nzi wamebaki wangapi.